Kompyuta Kuukuu ya Nyumbani: Kuitupa au Kuihuisha

Miongoni mwa mashauri yanayowatatiza watu majumbani mwao katika zama hizi, limo shauri moja ambalo babu zetu hawakulijua. Kompyuta, au tarakilishi kama wengine waiitavyo, ilinunuliwa kwa fedha nyingi miaka minane au kumi iliyopita, ikawekwa mezani na kufunikwa kitambaa ili isiingie vumbi. Sasa imekuwa nzito kama mgonjwa. Huwashwa asubuhi, na kabla haijawa tayari kwa kazi chai imekwisha kunywewa. Baba asema inunuliwe nyingine; mama auliza karo ya muhula ujao itatoka wapi; kijana asema yuko fundi mtaani awezaye kuitengeneza. Kila mmoja ana hoja yake, na aghalabu mwenye sauti kubwa ndiye ashindaye.

Nia ya insha hii si kuamua ugomvi wa nyumba ya mtu. Nia yake ni kuonyesha kwamba swali hili lina historia, na kwamba jawabu lililokuwa la haki mwaka 1995 si lazima liwe la haki leo. Jembe huzeeka kwa kulika na shati huzeeka kwa kuchakaa, lakini kompyuta yaweza kuzeeka na hali hakuna kipande chake hata kimoja kilichoharibika. Tena sababu ya kuzeeka kwake haikuwa moja siku zote. Katika muda wa miaka hamsini hivi imebadilika mara kadhaa, na mtu asiyejua ni uzee wa namna gani ulio mbele yake, ama atatupa kitu kizima, ama atagharamia maiti.

Kabla ya kuingia nyumbani, yafaa tuitazame mashine moja ambayo haikuwa ya nyumbani kabisa, kwa kuwa kisa chake chafafanua maana ya uzee wa kompyuta kuliko kisa kingine chochote nikijuacho. Mwaka 1949, katika kituo cha utafiti wa nguvu za atomi huko Harwell, Uingereza, wataalamu walianza kubuni mashine ya kufanya hesabu ndefu ambazo mpaka wakati huo zilifanywa na watu kwa mashine ndogo za mkono. Ilianza kazi mwaka 1951, na uzito wake ulikuwa tani mbili na nusu. Tarakimu zake zilihifadhiwa katika taa ndogo za gesi ziitwazo dekatroni. Ndani ya kila taa nukta ya nuru ilihama katika duara la nafasi kumi, hata mtu aliyesimama mbele ya mashine aliweza kuisoma hesabu kwa macho yake. Kwa sababu ya taa hizo iliitwa Harwell Dekatron.

Ilikuwa ya polepole mno. Kuzidisha namba mbili kuliichukua baina ya sekunde tano na kumi, ilhali mashine nyingine za miaka ile ile zilifanya kazi hiyo katika sehemu ndogo sana ya sekunde. Yasimuliwa kwamba mwanahesabu mmoja aliketi karibu nayo na mashine yake ya mkono akashindana nayo. Kwa muda wa nusu saa walikwenda sambamba. Kisha mwanadamu akachoka akaacha, na mashine ikaendelea kana kwamba hakukuwa na shindano. Haikuwa na mbio, bali ilikuwa na subira. Iliweza kuachwa peke yake ikisoma kanda zake za karatasi zenye matundu, na safari moja ilifanya kazi siku kumi mfululizo katika likizo ya Krismasi pasipo mtu wa kuitazama.

Ilipofika mwaka 1957 Harwell walikuwa wamepata mashine za kasi zaidi, na hapo swali letu likazuka: itupwe au iendelee? Halikukatwa kwa haraka. Palifanywa shindano chini ya uangalizi wa wanahesabu wa Chuo Kikuu cha Oxford, na vyuo vikaalikwa vieleze kila kimoja kingeitumiaje mashine ile kama kingepewa. Chuo cha ufundi cha Wolverhampton kilishinda. Huko mashine ilipewa jina jipya, WITCH, na kazi mpya, ambayo ni kuwafundisha vijana namna kompyuta inavyofikiri. Tazama, msomaji, jinsi mambo yalivyogeuka. Kwa wataalamu wa atomi upole wake ulikuwa ila. Kwa wanafunzi upole ule ule ulikuwa fadhila, maana waliweza kuifuata nukta ya nuru ikihama hatua kwa hatua na kuona hesabu ikizaliwa. Ilifundisha mpaka mwaka 1973. Baadaye iliwekwa katika jumba la makumbusho mjini Birmingham, na jumba hilo lilipofungwa mwaka 1997 mashine ikatiwa ghalani vipande vipande. Mwaka 2009 vipande hivyo vilihamishiwa Bletchley Park, kwenye jumba la makumbusho ya kompyuta, watu wa kujitolea wakavisafisha na kuviunga, na tarehe 20 Novemba 2012 taa zake ziliwaka tena mbele ya baadhi ya watu walioibuni ujanani mwao.

Basi mwaka 1957 mashine ile haikuharibika hata kidogo. Kilichozeeka ni uhusiano wake na kazi iliyokuwa ikitakiwa mahali pale. Uhusiano ulipobadilishwa, ilipata miaka mingine kumi na sita ya utumishi. Sitaki mtu adhani nasema kila kikuukuu kihifadhiwe. Nyumba zetu si majumba ya makumbusho, na tani mbili na nusu hazitoshei sebuleni. Nasema tu kwamba neno “imezeeka” halijakamilika mpaka mtu aseme imezeeka kwa kazi gani.

Kompyuta za nyumbani zilizouzwa zikiwa tayari kwa matumizi zilianza kuenea Marekani mwaka 1977. Katika mwaka huo mmoja zilitokea tatu zilizopata sifa, yaani Apple II, Commodore PET na TRS-80. Apple II ya bei ya chini kabisa ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 4, nafasi ya herufi zipatazo elfu nne, ambazo hazitoshi kuandikia hata theluthi ya insha hii. Lakini mbunifu wake, Steve Wozniak, alifanya jambo la busara. Mwenziwe Steve Jobs aliona nafasi mbili za kuchomekea kadi za ziada zatosha. Wozniak alishikilia ziwe nane, na akapata nane. Kwa nafasi hizo mwenye Apple II aliweza kuongeza kumbukumbu, kuunganisha diski, na hata kutia prosesa ya pili, yaani ubongo wa pili wa hesabu, mambo ambayo mashine ilipotoka kiwandani haikuwa nayo. Jamii ya Apple II iliendelea kutengenezwa mpaka mwaka 1993. Uhai huo mrefu ulitokana na mengi, lakini nafasi zile nane zina fungu lake.

Kwa wengi wa siku zile, hata hivyo, kubadilisha kompyuta kulikuwa kama kuhamia nchi ya lugha nyingine. Programu iliyoandikwa kwa Commodore haikuelewa Apple, wala ya Apple haikuelewa TRS-80. Commodore 64, iliyotoka mwaka 1982 kwa dola 595 ikapendwa na mamilioni ya watu, iliachwa bila ya wazazi pale kampuni yake ilipofilisika mwaka 1994. Mwenye nayo aliyenunua mashine ya kampuni nyingine hakuweza kuchukua chochote alichokiandika ila kwa taabu kubwa. Ndiyo sababu wengi walizing’ang’ania mashine zao, na wala hawakuwa wajinga kufanya hivyo.

Mlango ulifunguliwa na kampuni ya IBM mwezi wa Agosti 1981, tena bila ya kukusudia mambo yote yaliyofuata. IBM ilitaka kuingia upesi katika biashara hii, ikawapa wahandisi wake wa Boca Raton, Florida, muda wa mwaka mmoja tu. Kwa haraka hiyo hawakuweza kuunda kila kitu wenyewe kama ilivyokuwa desturi yao. Walinunua prosesa ya Intel, wakachukua mfumo endeshi wa Microsoft, wakatumia vipande vilivyokuwa vikiuzwa kwa yeyote, wakachapisha na kitabu cha kueleza vipande hivyo vimeungwaje. Mwishoni mwa mwaka 1982 kampuni ya Compaq ilitangaza mashine iliyoweza kuendesha programu zile zile, na nyuma yake likaja kundi zima la waigaji. Tangu hapo kipande cha kampuni moja kiliweza kukaa katika sanduku la nyingine. Fundi wa Nairobi au wa Mombasa anayetoa kumbukumbu katika kompyuta iliyokufa na kuitia katika iliyo hai anakula matunda ya haraka ile ya Florida.

Ungetarajia kwamba kwa urahisi huo kompyuta zingeishi miaka mingi. Haikuwa hivyo. Mwaka 1965 Gordon Moore, ambaye baadaye alikuwa mmoja wa waanzilishi wa Intel, alitabiri kwamba idadi ya transista zinazotiwa katika chipu moja ingeongezeka maradufu kila mwaka; mwaka 1975 alirekebisha kauli yake akasema kila miaka miwili. Utabiri ukawa kama amri. Prosesa ya IBM ya mwaka 1981 ilikuwa na transista zipatazo 29,000 na mwendo wa megahezi 4.77. Pentium ya mwaka 1993 ilikuwa na transista milioni 3.1 na mwendo wa megahezi 60. Ilipofika mwaka 2000 mwendo ulikuwa umefika megahezi 1,000, na mwaka 2002 ukapita 3,000. Waandishi wa programu nao walikunjua miguu kwa kadiri ya blanketi walilopewa. Windows ya mwaka 1995 iliweza kuendeshwa kwa megabaiti 4 za kumbukumbu. Windows XP ya mwaka 2001 ilitaka 64 kwa uchache. Vista ya mwaka 2007 ikataka 512. Na Windows 11 ya mwaka 2021 ikataka gigabaiti 4, yaani mara elfu na zaidi ya ile ya 1995, katika muda wa miaka ishirini na sita.

Katika miaka hiyo ya mbio, mtu aliyegharamia kompyuta ya miaka mitano aghalabu alipoteza fedha yake. Mashine ya mwaka 1995 iliyotiwa kumbukumbu mpya mwaka 2000 ilikuwa bado mbali sana nyuma ya iliyo mpya, na bei ya mpya ilikuwa ikishuka kila mwaka. Waliozoea kusema “nunua nyingine” walijifunza msemo huo katika miaka ya 1990, na wakati huo walisema kweli.

Kisha mbio zilikutana na ukuta, na ukuta huo ulikuwa joto. Kadiri mwendo wa prosesa ulivyozidi, ndivyo umeme ulivyogeuka moto ndani ya kipande kidogo kuliko ukucha, na feni hazikuweza tena kuupoza. Intel ilikuwa imeahidi prosesa ya gigahezi 4. Mwezi wa Oktoba 2004 ikaifuta ahadi hiyo. Tangu hapo watengenezaji waliacha kuukimbiza mwendo, wakaanza kutia viini viwili, kisha vinne, katika prosesa moja, ili vigawane kazi. Maendeleo hayakukoma, lakini kwa kazi za kawaida za nyumbani, kama kuandika barua, kupiga hesabu za duka, kusoma habari na kutazama picha, tofauti baina ya mashine ya mwaka huu na ya miaka minane nyuma haikuwa tena kama tofauti ya gari na baiskeli. Jambo hili kubwa lilipita kimya kimya. Watu waliendelea kununua kwa mazoea ya zamani, na wauzaji hawakuwa na sababu ya kuwazindua. Kipya kinyemi, ingawa kidonda.

Mbona basi kompyuta ya miaka kumi huwa nzito hivyo? Mara nyingi kosa si la ubongo wake bali la ghala lake. Kompyuta nyingi za miaka ya 2000 na 2010 huhifadhi vitu katika diski ngumu, sahani inayozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na juu yake mkono mwembamba unaokwenda na kurudi kutafuta kinachotakiwa. Asili ya chombo hiki ni ya mwaka 1956, IBM ilipotoa diski ya kwanza ya namna hiyo, kubwa kama kabati, yenye nafasi ya herufi milioni 5. Sahani izungukayo mara 5,400 kwa dakika huhitaji milisekunde 11 kumaliza mzunguko mmoja, na kila jambo linalotafutwa hulazimika kusubiri mkono ufike na sahani igeuke. Kwa njia hiyo diski hupata vitu mia moja tu hivi kwa sekunde vikiwa vimetawanyika, ilhali prosesa iliyo kando yake hufanya mamilioni ya hesabu katika muda uo huo. Ni sawa na mwandishi hodari anayeletewa wino na karani anayetembea kwa mkongojo.

Tiba yake ni ghala lisilozunguka, yaani diski ya chipu tupu, ambayo hupata maelfu ya vitu kwa sekunde. Bei yake ilipokuwa kubwa shauri hili lilikuwa la matajiri. Katika miaka ya 2010 ilishuka, na fundi huitia kwa bisibisi moja katika muda usiozidi saa. Pamoja nayo huongezwa kumbukumbu ikiwa nafasi ipo, hufutwa vumbi katika feni, na hupakwa upya ute wa kupitisha joto juu ya prosesa, ambao hukauka kwa miaka. Mimi sijui matengenezo mengine yanayorudisha uhai mwingi hivyo kwa gharama ndogo hivyo. Wahenga walisema ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa. Na kweli mashine nzuri ya miaka minane iliyotiwa diski ya chipu huipita mashine mpya ya bei ya chini kabisa, ambayo mara nyingi huja na kumbukumbu haba iliyolehemiwa ndani isiweze kuongezwa kamwe.

Kazi nayo hubadilika, kama ilivyobadilika kule Harwell. Kabla ya mwaka 2009 intaneti ya Kenya ilitegemea setilaiti, ikawa ghali na ya polepole, na kompyuta nyingi za nyumbani zilifanya kazi pasipo kuonana na ulimwengu. Katika mwaka huo nyaya mbili zilizolazwa chini ya bahari, TEAMS na SEACOM, zilifika Mombasa. Mashine iliyonunuliwa kuandika barua ikatakiwa ghafla kuonyesha sinema, na kufungua kurasa ambazo kila mwaka zilizidi kupambwa na kulemezwa. Haikuwa imechakaa; kazi yake ilikuwa imehamishwa chini ya miguu yake.

Lakini katika miaka hii ya karibuni umetokea uzee wa namna nyingine, nao ndio mgumu kuliko yote, kwa kuwa hauonekani wala hausikiki. Mfumo endeshi ni kama nyumba yenye milango elfu, na kila mwezi wezi hugundua mlango uliosahauliwa. Mtengenezaji hupeleka kitasa kipya, tunachokiita sasisho. Siku moja hutangaza kwamba hatapeleka tena. Windows XP, iliyotoka mwaka 2001, iliachwa hivyo tarehe 8 Aprili 2014, Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, ijapokuwa kwa hii ya mwisho mwenye nyumba aliweza kujiandikisha apewe masasisho ya usalama kwa mwaka mmoja zaidi.

Walio wepesi wa kusema hayo ni vitisho vya wafanyabiashara na wakumbuke mwezi wa Mei 2017. Programu ovu iliyoitwa WannaCry ilienea katika nchi zaidi ya 150 kwa siku chache, ikafunga kompyuta zaidi ya 200,000 na kudai fidia. Hospitali nyingi za Uingereza zilirudisha wagonjwa, na maelfu ya miadi ikavunjwa. Kitasa cha mlango ule kilikuwa kimekwisha kutolewa mwezi wa Machi mwaka uo huo. Zaidi ya hayo, mashine nyingi zilizoumia hazikuwa za XP iliyoachwa, bali za Windows 7, ambayo wakati huo ilikuwa bado ikitunzwa, ila wenyewe hawakuwa wametia sasisho. Hatari basi haikutoka katika umri wa mashine, ilitoka katika kuachwa bila ya matunzo. Na mashine ya mwaka jana isiyotiwa masasisho yaweza kuwa hatarini kuliko ya miaka kumi inayotunzwa vizuri.

Windows 11 ilileta taabu mpya. Mpaka wakati huo mashine nyingi za zamani ziliweza kupokea mfumo mpya zikivumilia uzito wake. Mfumo huu ulitaka chipu maalumu ya usalama na prosesa za kizazi cha mwaka 2017 au 2018 kuja mbele, na kompyuta isiyo na sifa hizo ikakataliwa rasmi hata ikiwa na nguvu ya kutosha. Hapo ndipo baba, mama na kijana wa nyumba ile wanapofika: mashine nzima, kazi ile ile, na mlango uliofungwa kwa barua.

Iko njia nyingine, nayo yatoka kwa mwanafunzi mmoja wa Helsinki. Mwaka 1991 Linus Torvalds, akiwa na umri wa miaka ishirini na mmoja, alianza kuandika kiini cha mfumo endeshi kwa ajili ya kompyuta yake mwenyewe yenye prosesa ya 386, akakitoa bure kwa yeyote atakaye kukisoma na kukirekebisha. Kikiunganishwa na programu huru ambazo Richard Stallman na wenziwe walikuwa wakiziandika tangu miaka ya 1980, kilizaa jamii kubwa ya mifumo iitwayo Linux. Mmojawapo ulitolewa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, akauita Ubuntu, neno la lugha za Kibantu za kusini ambalo sisi twalijua vyema kwa sura yake ya huku, yaani utu. Mifumo hii haina bei, hutiwa masasisho, na mingine imebuniwa makusudi kwa mashine dhaifu. Kompyuta iliyokataliwa na Windows 11 huweza kuendelea nayo miaka kadhaa.

Ila Linux nayo haibebi kila maiti. Mwezi wa Desemba 2012 Torvalds alikubali kuondoa katika kiini chake msaada wa prosesa ya 386, ile ile aliyoanzia kazi, kwa kuwa kuitunza kulikuwa kukiwachelewesha wote kwa ajili ya wachache mno. Tena nyumba yenye programu isiyopatikana ila kwa Windows, kama programu fulani za mahesabu ya biashara, haiwezi kuhama kwa kutamani tu. Na mtu mzima aliyezoea vibonye mahali pake kwa miaka ishirini ana haki ya kuulizwa kabla hajabadilishiwa. Vijana hulisahau jambo hili.

Maoni yangu ni kwamba fundi aulizwe kwanza ni nini hasa kilichozeeka. Ikiwa ni diski, kumbukumbu au vumbi, ihuishwe bila ya kusita. Ikiwa ni mfumo ulioachwa, yatazamwe matumizi: nyumba inayoandika, kusoma na kuvinjari tu haina haja ya kununua. Lakini ikiwa ubao mkuu wenyewe umeungua, au prosesa ni ya zama ambazo hata Linux zimeanza kuzipa kisogo, au bei ya matengenezo imekaribia nusu ya bei ya mashine nzuri iliyokwisha kutumika, fedha isitiwe humo. Sisemi nusu kwa kuwa ni sheria ya hesabu; nasema hivyo kwa sababu kipande kimoja kikifa kwa uzee, wenziwe wa umri ule ule hawako mbali, na fundi hulipwa mara ya pili.

Kuna gharama nyingine isiyoandikwa katika risiti ya duka. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa walikadiria kwamba kutengeneza kompyuta moja ya mezani pamoja na skrini yake ya kioo kinene kulihitaji kilo 240 za mafuta na makaa, kilo 22 za kemikali na kilo 1,500 za maji. Uzito wa mafuta hayo ni zaidi ya mara kumi ya uzito wa kompyuta yenyewe. Mashine za leo ni nyepesi zaidi, lakini jambo moja halikugeuka: sehemu kubwa ya madhara ya kompyuta ndogo kwa hewa hutokea kiwandani, kabla mnunuzi hajaiwasha. Na mwisho wake vivyo hivyo. Mwaka 2022 ulimwengu ulitupa tani milioni 62 za vyombo vya umeme, na zilizorekodiwa kuwa zimekusanywa na kutengenezwa upya kwa utaratibu hazikufika robo.

Sisi wa Kenya tumeyaona mambo haya kutoka pande zote mbili. Tangu mwaka 2002 shirika la Computers for Schools Kenya limekuwa likihuisha kompyuta zilizokwisha kutumika na kuzipeleka shuleni, na wako wanafunzi wengi ambao herufi ya kwanza waliyoibonyeza ilikuwa juu ya kibodi iliyokwisha kuchoka katika ofisi ya mtu mwingine. Kwa upande wa pili, mashine zilizokuja zikiwa na uhai mfupi uliobaki zilitufia mikononi, zikatuachia risasi na zebaki yake. Sheria ya usimamizi endelevu wa taka ya mwaka 2022 iliweka kanuni kwamba mtengenezaji au mwagizaji wa bidhaa ana wajibu juu yake mpaka mwisho wa uhai wake, na kwa hiyo mwenye kompyuta iliyokufa kabisa ana haki ya kutafuta mahali pa halali pa kuipeleka badala ya kuichanganya na maganda ya ndizi.

Aipelekapo, aitoe kwanza diski. Humo zimo barua zake, picha za watoto, hati za benki na maneno ya siri, na kufuta kwa kubonyeza kitufe hakuviondoi, huondoa tu jina lake katika orodha. Diski nzima yaweza kutiwa katika kisanduku kidogo cha nje na kuunganishwa na mashine mpya. Iliyokufa huvunjwa kwa nyundo, sahani zake zikiwa vipande, kabla haijatoka nyumbani.